Chupa ya Jumwa na Maonyesho ya Ijumaa

Mishomoroni,
Jumatano, 12 Machi 2025

Kwa Mwalimu Mkuu,

Salamu kwako na kwa walimu wote. Mimi ni babake Jumwa wa gredi ya pili, darasa la Mwalimu Quinter. Naandika kwa heshima kuhusu mradi wa elimu ya maisha uitwao "Ukweli Nyumbani". Kila mtoto amepewa chupa ya plastiki; mtu mzima akisema uongo, mtoto anatia haragwe moja. Ijumaa chupa zitapangwa mezani zikiwa na majina ya wazazi. Mgeni wa heshima ni pasta wetu, ambaye mwezi huu anateua wazee wa kanisa, na jina langu limetajwa.

Kwa mujibu wa shajara yangu, malalamiko ni haya:

1. Jumanne tarehe 4, nilimwambia Odhiambo wa kazini kwa simu kwamba nimeshafika Kengeleni. Jumwa akapaza sauti: "Baba, soksi nyingine iko chini ya kiti!" Odhiambo alisikia.

2. Alhamisi tarehe 6, mama mkwe alitupikia. Nikausifu mchuzi. Haragwe likalia ndani ya chupa. Mama mkwe akauliza ni la nini, naye akaelezwa hatua kwa hatua, vile vile darasa lilivyofundishwa. Alirudi Kaloleni kabla ya chai.

3. Jumapili tarehe 9, chupa ilikwenda kanisani. Nilikuwa katikati ya ushuhuda kwamba kila siku naamka saa kumi alfajiri kuomba. Sitaandika zaidi.

4. Sasa hata salamu ni hatari. Jirani yetu Mwanarehema akiniuliza habari za asubuhi, siwezi kujibu "nzuri" na jino linaniuma. Jumwa yupo hapo, haragwe mkononi, anangoja. Jana nilimweleza jirani habari zangu zote za asubuhi. Leo amepita njia ya nyuma.

Simlaumu mwalimu. Amefundisha, na mtoto ameshika, ndiyo shida yenyewe. Naomba ukweli usogezwe hadi gredi ya tisa, watoto wakiwa wameshatuzoea, na hawa wadogo wapande sukuma wiki. Ikishindikana, chupa yetu ipakwe rangi nyeusi kabla ya Ijumaa.

Nisalimie walimu, mpishi, na bawabu wa lango.

Ni mimi, mwenzenu katika malezi,
Dancun Ngumbao

Nyongeza: Jumwa amekuja kuniuliza naandika nini. Nimemwambia ni barua ya kumshukuru Mwalimu Quinter. Amenikumbatia, akarudi kucheza, wala hakuigusa chupa. Nimekaa kama dakika kumi, kisha nikainuka nikatia haragwe mwenyewe. Ijumaa tutaileta chupa kama ilivyo. Yamo thelathini na moja. Pasta asijisumbue kuhesabu.