Kigoda Kilichonizidi Umri

Jumatatu, 3 Juni
Nina miaka sabini na tisa. Nimeuzika ushirika wa mafundi, nimewazika wenyeviti wake wote, na viti vya plastiki vilivyotufilisi nimeviona vikivunjika miguu kimoja kimoja. Mimi bado nimesimama. Herufi nilijifunza ukubwani. Asiyependa mwandiko wangu afumbe macho.

Leo nimeingia makumbusho ya kazi za mikono. Jengo lile nalijua kuliko wanavyolijua wao. Lilikuwa karakana yetu. Ushirika ulipokufa likawa ghala la mahindi, kisha la popo. Sasa limepakwa rangi, lina hata kiyoyozi. Na ndani ya kabati la kioo, pale pale nilipokuwa naegemeza msumeno wangu, kuna kigoda cha shemeji! Kaka wa mke wangu! Jina lake kwa herufi kubwa. Picha yake anacheka. Kigoda chake kimebaki kwa sababu hakikupata mnunuzi. Vyangu watu walivigombania, wakavikalia mpaka vikaisha.

Mkuu wa makumbusho ni binti mmoja, namwita Bi Miwani. Nikamuuliza changu kiko wapi. Akasema kwa adabu, mzee wangu, lete kimoja cha enzi za ushirika, tutakiweka na jina lako.

Sina hata kimoja. Sikumwambia.

Jumatano, 5 Juni
Nimechonga! Gogo moja, miguu mitatu, bila gundi, bila msumari. Mkono wa kushoto haujasahau kazi. Tatizo: kinang'aa kama jino la mtoto.

Jumapili, 9 Juni
Nimekitundika juu ya moshi jikoni. Nimekipaka masizi na mafuta. Usiku kimelala banda la kuku. Mke wangu ameuliza kama ndiyo naanza kuchanganyikiwa au namalizia. Nimemjibu hili ni jambo la taifa. Akasema basi taifa lije limpikie, yeye macho yanamuuma. Kuku wawili wamehamia kwa jirani.

Alhamisi, 13 Juni
Nimekipeleka. Bi Miwani alivaa glavu! Kwa ajili ya kigoda changu! Akakigeuza, akakinusa. Akasema moshi huu si wa jana. Kweli, ni wa juzi. Akauliza kama ni cha mwisho wa ushirika. Nikasema cha mwanzo. Akasema yeye anakiona cha zamani zaidi ya hapo. Na alivyokuwa akikitazama, jamani, ungekuwa wewe ungekataa? Nikasema naam, ushirika ulikikuta.

Akaandika. Akanieleza kazi ya nyumba ile: watoto wajue kila kitu kina mikono iliyokitengeneza, na mafundi wa leo waje wapime na kuiga. Nikasema wapime changu. Wakiiga cha shemeji watapinda migongo.

Jumatatu, 17 Juni
Kimewekwa! Katikati kabisa! Cha shemeji kimesogezwa karibu na choo. Nimesoma maandishi mara mbili, nikidhani nimekosea herufi. Yanasema: Kigoda cha kabla ya ushirika. Fundi hajulikani.

Nimemfuata Bi Miwani. Akasema amepiga hesabu, wakati huo mimi nilikuwa bado nanyonya. Tena alimwita shemeji akikague. Shemeji ameona kabisa tezo imekata kutoka kushoto. Karakana nzima mwenye mkono wa kushoto nilikuwa mimi tu. Anajua! Na bado amesema fundi huyo alishafariki, Mungu amrehemu, hata jina lilipotea.

Nimemkuta mlangoni. Akanyoosha mkono, eti, "Hujambo, marehemu?" Nikamwambia asubiri, atanitambua. Akasema, "Nitasubiri, shemeji, ila wewe ndiye umetangulia."

Jumanne, 18 Juni
Nimemuuliza Bi Miwani, kwa mfano tu, itakuwaje fundi akitokea yuko hai. Akasema basi kigoda ni kipya. Kitatoka kabatini, kitakaliwa na mlinzi.

Nimekwenda kukitazama. Fundi mmoja mgeni alikuwa amepiga magoti mbele ya kioo, anakadiria miguu kwa kipande cha kamba. Akasema huyu marehemu alikuwa hatari. Nikanyamaza. Ni mara ya kwanza tangu nizaliwe.

Ijumaa, 21 Juni
Nimegundua kosa liko wapi. Umri haukuwa na tatizo lolote. Sikuandika jina!

Nimeanza kingine. Chini yake nachonga jina langu lote, na chini ya jina nachonga mwaka, wa miaka mia moja na ushee iliyopita, ili pasiwe na mjadala. Moshi umeshawashwa.

Atakayebisha kwamba mambo yalikwenda hivi amuulize mke wangu. Ndiye huyo anayekohoa jikoni. Shemeji asiulizwe. Yeye ataapa nimekufa.