Mlaji M-1 wa Mwalo wa Bangwe

Kwa heshima na taadhima, siku ya Jumatatu saa mbili asubuhi, wananchi wa Bangwe walitangaziwa kwa kipaza sauti kilichofungwa juu ya gari la ofisi kwamba kuanzia siku hiyo hakuna mvuvi atakayeingia ziwani kabla hajasimama kwa mguu mmoja, macho kayafumba, dakika nzima. Walitangaziwa pia kwamba kila mtumbwi utakaorudi utakabidhi samaki kumi aina ya mgebuka, wanono, kwa ajili ya sayansi. Watu wakapiga makofi, maana kipaza sauti kiliwaagiza wapige.

Aliyetangaza ni Bwana Vedasto, mtaalamu aliyehamishiwa Kigoma kutoka Bukoba akiwa na digrii mbili, suti tatu na subira kubwa kwa watu wasio na digrii. Alikuwa Mratibu wa Programu Unganishi ya Utafiti wa Mlo wa Wawindaji wa Majini na Stadi za Mwendo wa Binadamu Katika Mazoezi. Jina hilo halikuenea kwenye kibao cha ofisi, kikaongezwa kibao cha pili, na kwa kuwa nguzo ilikuwa moja tu, mwendo wa binadamu ulibaki umeegemezwa ukutani.

Wapo waliouliza, kwa ujinga wao, tumbo la samaki na mguu wa mtu vilikutana wapi. Vilikutana kwenye semina. Tafiti zilikuwa mbili, ofisi moja, na wajumbe walikaa hotelini siku nne mpaka wakaona kwamba samaki naye hufanya mazoezi. Barua ya uteuzi ilitaja wawindaji wa baharini, na bahari iko mbali sana na Kigoma. Lakini ramani ya makao makuu ina rangi ya bluu pande zote mbili za nchi, na Bwana Vedasto hakuona sababu ya kuwasumbua wakubwa kwa suala la chumvi.

Kazi ya kupasua samaki na kuandika alipewa Ziada, mama wa hapohapo Bangwe, aliyekuwa akipara samaki mwaloni, mitumbwi inapofikia, tangu usichana wake na mwenye mwandiko wa kueleweka. Bwana Vedasto alimfundisha mwenyewe.

"Fomu ina safu tatu," alimwambia. "Kilicholiwa, aliyekila, na umejuaje. Unapanda hivyohivyo. Dagaa kaliwa na nani, aliyemla dagaa kaliwa na nani, mpaka umfikie mlaji wa juu kabisa, yule asiyeliwa na yeyote."

"Na nikimwona kwa macho yangu anakula?"

"Hiyo ndiyo data bora! Andika unachokiona, usiandike unachokidhani. Ila majina usitaje. Kila mlaji mpe namba. Ni maadili ya utafiti."

"Ego," alisema Ziada, akimkubalia kwa Kiha, akachonga penseli.

Sasa, tumbo la mgebuka, kwa faida ya wasiosoma sayansi, ni kitu cha kujaa kijiko. Likishatolewa, samaki anayebaki huitwa mabaki ya sampuli, na mabaki ya sampuli hayarudishwi kwa wavuvi, yasije yakavuruga matokeo. Huteketezwa. Bwana Vedasto aliunda Kamati ya Uteketezaji, akawa mwenyekiti, na kwa kubana matumizi akawa pia wajumbe. Kamati ilikutana kila siku saa saba mchana, barazani pa ofisi, kwa mawese, ndimu, pilipili na ugali wa muhogo. Hakuna kikao kilichowahi kukosa akidi. Migebuka waliozidi walikaushwa wakapelekwa nyumbani kwake Bukoba, kwa hifadhi ya muda mrefu.

Upande wa mwendo nao ulikwenda vizuri, kwani wavuvi wengi walifeli. Yeye mwenyewe hakupimwa, kwa kuwa mpimaji hapimwi. Miongoni mwa waliofeli alikuwa Elia, mume wa Ziada, aliyezaliwa na mguu wa kushoto mfupi kidogo kuliko wa kulia. Miaka ishirini alikuwa akisimama mbele mtumbwini kuvuta nyavu, na halijatokea wimbi la kumwangusha. Kwenye saruji ya baraza alianguka sekunde ya tisa.

"Mheshimiwa, mie sakafu hii siijui," alisema akijifuta vumbi. "Nipime mtumbwini, utaniona."

"Mtumbwi unatikisika, ndugu yangu. Utapimaje mizania kwenye kitu kinachotikisika?"

"Lakini ziwa lote linatikisika."

"Hilo ni tatizo la ziwa," alisema Bwana Vedasto kwa upole, akagonga mhuri. Elia akafungiwa kuingia ziwani mpaka atakapofaulu.

Ikapita wiki, ikapita ya pili. Mtu aliyekuwa akilisha nyumba akawa anashinda uani kwa mguu mmoja, watoto wakimhesabia, anaanguka, anainuka, anaanguka tena. Ziada ilimuuma hasa, na siku moja alimfuata bosi wake barazani, Kamati ikiwa kikaoni.

"Bosi, mume wangu anaisha. Hajawahi kukaa nchi kavu namna hii. Naomba umwandikie tu kwamba amefaulu, hata mara moja."

Bwana Vedasto alichomoa mwiba kwenye meno. "Ziada, wewe ni mwanasayansi sasa. Namba hazina mume."

Ziada aliitazama sahani, akahesabu vichwa vya samaki. "Sawa, bosi. Basi nitajaza kama ilivyo."

Bwana Vedasto alifurahi kuona mafunzo yake yamemwingia. Alinyoosha mikono, walinzi wawili wa ofisi wakaja kumwinua kitini kama kawaida, naye akaenda kulala kivulini.

Baada ya miezi mitatu ripoti ilikamilika, kurasa mia mbili na kumi na nne. Aliweka saini kila ukurasa. Kusoma hakusoma, kwa kuwa kusoma ripoti ni kazi ya makao makuu. Na kweli makao makuu wakasoma. Akapiga simu Dokta Erica, mtafiti mkuu, mwanamke asiyecheka hovyo.

"Bwana Vedasto, huyu mlaji M-1 mmempata wapi?"

"Yupi, Dokta?"

"Ukurasa wa tisini. Mlaji wa juu kabisa. Anakula migebuka kumi na mmoja kwa siku, wote saa saba mchana. Akishiba analala kivulini hadi saa kumi. Haingii majini. Mizania yake mbovu, hawezi kuinuka bila kusaidiwa na wawili. Hana adui. Safu ya mwisho imeandikwa, 'Nimemwona kwa macho.'"

Moyo wa Bwana Vedasto ulimpiga pa! Wapo wanasayansi waliozeeka bila kugundua hata mjusi, na yeye, kwa miezi mitatu, kagundua mnyama mzima.

"Ndiyo, ni ugunduzi wangu," alisema. "Na kama itawapendeza wakubwa, ningeomba apewe jina langu."

"Nakuja kumwona mwenyewe," alisema Dokta Erica.

Siku ya ugeni, Bwana Vedasto alivaa suti ya tatu, akauita mwalo wote, akashika kipaza sauti. Alitangaza kwamba mitumbwi isitoe tena hata mgebuka mmoja, tusije tukawa tunamlisha huyo mlaji M-1 anayewamaliza. Wavuvi wote warudi ziwani, waliofaulu na waliofeli, kwa kuwa yanahitajika macho ya kumtafuta. Na mlaji huyo akipatikana, apimwe uzito, apimwe mizania, anyimwe samaki, asipande chombo chochote, cha majini wala cha nchi kavu, mpaka atakapofaulu kusimama kwa mguu mmoja dakika nzima. Akasaini papo hapo, akagonga mhuri. Wino haujakauka, Elia alikwisha kuusukuma mtumbwi majini. Safari hii makofi yalipigwa bila kuagizwa.

"Makazi yake yako wapi?" aliuliza Dokta Erica, mizani ya samaki mkononi.

"Mwenye data ni Ziada. Ziada, tuongoze."

Ziada akatangulia na fomu zake. Umati ukafuata, Bwana Vedasto akiwaashiria wakanyage polepole wasimshtue mnyama. Wakaacha maji nyuma, wakapanda njia ya ofisini, wakapita mwendo wa binadamu ulioegemezwa ukutani, wakafika barazani. Ziada akasimama mbele ya kiti kikubwa chenye mto. Chini yake palikuwa na miiba ya samaki ya kujaa karai.

"Hapa ndipo anapokula," alisema.

Bwana Vedasto akaruka nyuma. "Kwenye kiti changu? Mimi nikiwa wapi?"

Ziada akafunua ukurasa, akahakikisha. "Juu yake, bosi."

Dokta Erica aliusoma ukurasa wa tisini, akamtazama Bwana Vedasto kuanzia viatu hadi tai, akaurudia ukurasa.

"Saini hii ni yako?"

"Ni yangu, lakini..."

"Na maagizo ya leo?"

"Yangu, Dokta, ila mazingira..."

"Basi tutayatekeleza kama yalivyo. Yameandikwa vizuri."

Mpaka leo, ukipita Bangwe asubuhi, utamkuta Bwana Vedasto barazani kwa mguu mmoja, macho kayafumba. Basi la Bukoba linaondoka bila yeye. Mchana huletewa maharage. Juzi Elia alikuwa anapita kutoka ziwani na beseni la migebuka kichwani, akichechemea bila kumwaga hata mmoja, ikambidi asimame kutazama. Bwana Vedasto aliyumba, akapiga mikono hewani, akaanguka.

"Sekunde ngapi?" aliuliza akiwa chini.

"Nne," alisema Ziada.

"Ziada, mama yangu, niandikie dakika moja tu. Nina familia Bukoba."

Ziada alimwonea huruma, maana anajua nyumba inavyokuwa mtu asipofaulu. Alichonga penseli yake taratibu, akaandika nne.

"Namba hazina bosi," alisema.