Yah: Kukataa Koti la Ukoo Kwenye Usaili

Kwa Mjomba Mheshimiwa,
Karani Mstaafu na Mlezi wa Koti,

Shikamoo. Nakuandikia kukujulisha, kwa unyenyekevu wote, kwamba sitalivaa koti lako kwenye usaili wangu wa kazi Alhamisi hii. Natambua kuwa kila mhitimu wa ukoo huu hulivaa, kwa sababu ndilo ulilovaa siku ulipoajiriwa. Hata hivyo, elimu ya chuo kikuu inanilazimu kuwasilisha pingamizi zifuatazo:

1. Koti lilishonwa kwa kipimo chako, nawe, Mungu akuzidishie, umejaaliwa mwili. Nikilivaa, viganja vyangu havionekani. Mwenyekiti wa jopo akininyooshea mkono, atasalimiana na kitambaa.

2. Linanuka dawa ya mende. Dada alipolivaa, jopo zima lilipiga chafya. Nakiri aliajiriwa, lakini nashuku walimpitisha ili atoke nje upesi.

3. Binamu alipopata kazi, ukoo ulilipongeza koti. Shangazi alilipigia vigelegele likiwa limetundikwa msumarini, na binamu mwenyewe akaambiwa, "Hebu sogea huko, utalikunja!"

4. Juzi nililijaribu, nikapita mbele ya kinyozi wetu. Badala ya kunisalimu mimi, alisema, "Aa, koti! Leo umempata nani?"

Mjomba, kazi hii naitaka kufa na kupona, na nikiipata nataka isemwe nimeipata mimi. Kwa hiyo naomba koti listaafishwe kwa heshima, kama ulivyostaafishwa wewe. Ikishindikana, basi liombe kazi lenyewe: liandike wasifu wake, lieleze uzoefu wake, nami nitakuwa mdhamini wake bila kinyongo.

Nisalimie shangazi, binamu, watoto wote na jirani yule anayeazima pasi bila kurudisha.

Ni mimi mpwa wako mtiifu,
Mhitimu wa Shahada ya Uongozi wa Biashara

N.B. Baada ya kutia sahihi nilijitazama kiooni nikiwa na shati langu tupu. Mama alipita nyuma yangu, akauliza kwa upole kama nimepata kazi ya kugawa chai. Tafadhali Mjomba, idai pasi kwa jirani, ulinyooshe koti, na sifa zote liende nazo. Nitalifuata Alhamisi hiyohiyo, saa kumi na mbili kamili asubuhi. Uwe macho, na pini za kukunjia mikono uwe nazo.