Nilivyomponya Mama Nashipai Noma

Jumanne, 3 Juni 2025
Nimerudi Ganako. Jana nilipanda lori la mahindi hadi Endulen, bomani kwa kina Nashipai, nikajitambulishe kabla ya posa. Suti ya bluu, sukari, majani ya chai. Mama kuniona tu, akajifunika shuka usoni, akatoka mbio nyuma ya nyumba! Nikajua anaona noma. Noma naifahamu: ni pale mtu anapokosa pa kuweka mikono. Mimi sijawahi kuugua, na mgonjwa haachwi peke yake. Nikamfuata. Akazunguka nyumba, nikazunguka. Mbuzi wakatawanyika! Nikamkatia njia kwenye zizi la ndama, nikamkumbatia. Akapiga yowe. Nilidhani ni furaha.

Alhamisi, 5 Juni
Nashipai ameacha cherehani yake mjini, akanifuata shambani kwenye vitunguu. Macho mekundu. Anasema kwao mama na mkwe hawakaribiani, hawashikani, hawali pamoja. Kule kujificha ndiko kulikuwa kunikubali. Alishanihesabu mkwe! Nilipigwa na butwaa. Yaani anayekutaka ndiye anayekukimbia? Kisha akasema polepole, "Emilian, noma siyo ugonjwa. Ni kumwachia mwenzako nafasi yake." Nikamwambia Jumamosi mama yake akija mnada wa mifugo, atajionea nitakavyomponya. Akaondoka bila kuniaga. Naye ameanza kuona noma. Kumbe inaambukiza!

Jumamosi, 7 Juni
Sijapata kuona! Mama Nashipai hakukimbia. Alinijia mwenyewe pale mnadani, uso wazi, akanipa mkono, akaniita mgeni. Tukala nyama choma sahani moja! Hata mfupa niliokuwa nao mkononi aliuchukua, akautafuna mbele yangu bila wasiwasi. Amepona kabisa.

Mara akatokea Leonce, yule dereva wa watalii anayemmezea mate Nashipai. Mama kumwona tu, shuka usoni, akajibanza nyuma ya lori la mbuzi! Leonce naye akageuka upande wa pili, akainamisha kichwa. Nashipai alikuwa anatabasamu, nadhani kwa huruma.

Maskini Leonce. Mama wa watu hataki hata kumwona! Nikamvuta pembeni, nikamshauri amkimbize. Akasema anaona noma. Ndivyo wanaume wanavyokosa wake. Mimi Jumatatu nampeleka baba Endulen, tukapange mahari.