Kengele ya Nepi

Jumatatu, 9 Machi
Mama mkwe katoa hukumu. Meza ya dirishani ni moja, wanaoitaka ni wawili: wifi kwa cherehani yake, mimi kwa waya zangu. Jumapili nimwonyeshe kitu kinachofanya kazi, la sivyo nihamie sakafuni. Wifi akauliza kama waya huwa zinavaliwa. Ngoja tu! Wazo ninalo. Kengele ya nepi! Kibonge wangu akilowa, inalia. Hatakaa tena na maji mpaka mapaja yawe mekundu, maskini mwanangu. Halafu kina mama wa mtaa mzima watajaa mlangoni.

Jumanne, 10 Machi
Kwa fundi redio. Kanipa chipu ndogo kuliko kucha ya Kibonge, anaiita mlinganishi. Mguu mmoja unapokea umeme unaopita kwenye nepi ikilowa, mwingine umeme wa kiwango nilichoweka mimi. Inaangalia upi umezidi, inajibu. Ndiyo au hapana, basi. Laiti baba Kibonge angekuwa hivyo! Fundi anasema haili umeme, inaonja tu. Betri ya saa ya mkono itaiendesha mwaka mzima. Ila shemeji, kasema, usiitie mapambo. Mapambo? Mimi?

Jumatano, 11 Machi
Imelia! Kibonge mkavu kabisa. Nikambadilisha, ikalia. Nikambadilisha tena, ikalia. Nepi zimekwisha kabatini, zote safi. Alipokojoa kweli, kimya. Kumbe nimeigeuza miguu: wa nepi nimeuweka pa kiwango, wa kiwango pa nepi. Wifi kapita, kanipa hongera kwa kengele ya mtoto mkavu. Nilikuwa nafua.

Alhamisi, 12 Machi
Miguu sawa, mashaka mapya. Nepi ikianza tu kulowa, chipu inababaika: lia, nyamaza, lia, nyamaza. Kibonge kashtuka, kalia naye. Fundi kaeleza: nepi iko mpakani, kila tone chipu inabadili neno. Niweke rezista kubwa, kile kijiti cha kupunguza umeme, kutoka mguu wa jibu irudi kwenye mguu wa nepi, ikishasema ndiyo ishikilie ndiyo yake. Nimeweka. Ikilia, imelia! Nimembusu Kibonge, nimeibusu na chipu. Ya moto kidogo, nimetoka kuichomelea.

Jumamosi, 14 Machi
Jana kutwa haikukosea hata mara moja. Lakini siwezi kutulia. Ni nyamavu mno! Mama mkwe ataona kiboksi nilichoitia tu, atadhani ni cha sabuni. Nimebandika taa nyekundu, inawaka saa zote. Inapendeza! Hata wifi kasimama kuitazama, kajifanya anatafuta sindano. Meza nimeshaipanga, nikaipangua, nikaipanga tena.

Jumapili, 15 Machi
Mama mkwe kaja na gauni jipya aliloshonewa na wifi. Nikampakatisha Kibonge, nikamfunga kiboksi kwenye nepi, tukangoja. Taa ilionekana hafifu. Nikasema ni jua la dirishani. Nikasema pia asiwe na hofu, chipu ina habari zote. Mama mkwe akainuka taratibu. Gauni lote chapachapa! Kengele kimya. Wifi kacheka mpaka kakaa chini, na Kibonge naye kacheka, hajui anamcheka nani. Nikakimbilia nyumbani kwa fundi. Kapima betri: imekauka. Chipu haina kosa, shemeji, taa ndiyo imeinywa yote. Kaniuliza kama hakunikanya. Meza imekwenda.

Jumatatu, 16 Machi
Naandika chini ya meza. Juu cherehani inanguruma, vipande vya uzi vinaniangukia kichwani. Kibonge kalala pajani kwangu, mkavu. Nimempapasa kwa mkono. Nimelitafakari kosa langu mpaka nimelipata. Hakuna kitu kilichonionya kwamba betri inakwisha! Kwa hiyo naongeza chipu ya pili, kazi yake kuipima betri. Betri ikizidi kupungua, iwashe taa. Kubwa, mama mkwe aione toka jikoni. Betri ile ile moja itatosha, si zinaonja tu? Na ili nijue kuwa chipu ya pili nayo iko kazini, nitaiwekea taa yake. Ndogo. Ya kijani. Inayowaka saa zote.