Nimemuoza Binti Asiyekuwepo

Leo ulimi wangu umeniumbua. Msikitini. Kwa kipaza sauti! Mtaa mzima umesikia, na punda wamesikia.

Nawaandikia kwa kidole kimoja (skuli niliiacha darasa la pili, fimbo ya mwalimu ilikuwa ndefu kuliko subira yake), basi nivumilieni.

Mwanangu Zuhura leo ameolewa. Wengi wenu mwamjua, ndiye fundi wa mashine za boti pale Mokowe, mwenye oili mpaka masikioni. Sikumzaa mimi. Baba yake, Omari, Mungu amrehemu, alikufa mtoto akiwa bado anatambaa. Nilipomuoa mamake, Bi Mwanaisha, Zuhura alikuwa na miaka mitatu. Siku ya kwanza nilimpa halua. Akala halua, kisha akaning'ata kidole. (Alama ipo. Ndicho kidole hiki ninachoandikia.) Tangu hapo hatujaachana.

Bwana harusi ni Athumani, nahodha wa boti. Mashine ilimzimikia kwenye mkondo, Zuhura akamvuta kwa kamba mpaka gatini, huku akimtukana njia nzima. Kijana akapenda hapo hapo. Na bado anavutwa.

Sasa, mwajua sheria. Baba wa kambo hana uwalii. Mwenye haki ya kumuoza ni ami yake, Bwana Lali, ndugu yake Omari, kaja leo asubuhi kutoka Kiwayu. Mimi nilishajipangia kukaa nyuma, karibu na viatu, nilie kimya kimya. Lakini baada ya chai Lali akanishika mkono.

"Bwana Shee, mimi mtoto huyu nimemuona mara nne. Wewe ndiye uliyembeba begani ukimpeleka chuoni kusoma Kurani. Nakupa uwakala. Muoze wewe."

Jamani! Sentensi moja tu, lakini nimeingoja miaka ishirini na tatu bila kujua kwamba naingoja. Nikaifanyia mazoezi chooni, nikaifanyia mazoezi kwa kinyozi. Kinyozi nimemuozesha mara tano.

Zuhura, mikono imejaa hina, akanionya: "Baba, usilie, na usihadithie. Sema maneno yako umalize."

Baada ya Alasiri tukakaa. Maalim, mwenye kufungisha ndoa, kanipa kipaza sauti. Nimemshika Athumani mkono, wake una jasho. Nikavuta pumzi.

"Athumani, nakuoza Zuhura binti Shee..."

"Nimekubali!" Hata sijamaliza!

Maalim akainua mkono. "Ngoja. Umekubali kumuoa nani?"

"Zuhura, Maalim."

"Binti nani?"

"Huyo aliyemtaja mzee."

"Huyo hayupo! Bwana Shee, nasaba ni nasaba. Zuhura ni binti Omari."

Watu wakaanza kukohoa (si kukohoa, wanacheka). Nikaomba radhi. Omari alikuwa rafiki yangu, kila Ijumaa namuombea, siwezi kumuibia mtoto mbele ya Maalim! Nikaanza upya, polepole, kama mtu anayevuka ubao mbovu.

"Nakuoza Zuhura... binti..."

Nikamuona na halua yake. Nikamuona begani kwangu, anavuta masikio yangu kama usukani.

"...Shee."

Yallah! Msikiti ukapasuka. Mzee mmoja kavua kofia akajifunika uso. Na hapo simu ikalia mfukoni mwa Lali. Lali, mtu wa watu, badala ya kuizima kaifungua kwa sauti kubwa. Sauti ya nani? Zuhura, atusikia toka nyumbani! Kipaza sauti kikaichukua yote, kikaipeleka mtaani.

"Baba! Leo sema Omari! Mara moja tu, kisha utarudia kuniita utakavyo! Pilau yashika chini!"

Maalim mwenyewe akauma ndevu.

Nikafuta macho kwa kikoi (ndiyo, nililia, na kipaza sauti hakikufunikwa, nimepenga kamasi watu wakasikia). Nikasema: "Nakuoza Zuhura binti Omari, kwa uwakala wa ami yake Lali, kwa mahari mliyopatana." Safari hii Athumani akamtazama Maalim kwanza. Maalim akaitikia kwa kichwa. Ndipo kijana akakubali, taratibu, kama anatia saini.

Vigelegele vilitoka nyumbani kabla ya dua.

Nilipokwenda kumpa mkono wa heri, Zuhura akakitafuta kile kidole chenye alama, akakibusu. Kisha akakiuma kidogo.

Watoto wa mtaani sasa wanipigia kelele, "Binti Sheeee!" Sheria imeandika Omari, na ni haki yake. Kipaza sauti kimesema Shee mara mbili, na hilo nalo halifutiki.

Msinicheke. Na mkicheka, chekeni polepole. Bibi harusi yumo humu kundini, na meno yake mimi nayajua.