Tatu Nyingi na Moja Mwishoni

Jumatatu, 3 Machi
Nimeipata! 33333331. Namba tasa! Haigawanyiki kwa chochote ila moja na yenyewe. Imenilia likizo nzima, mimi na kikokotoo changu. Na tazama maajabu: 31 ni tasa. 331, tasa. 3331, tasa. Kila ukiweka tatu nyingine mbele, bado tasa, mpaka kioo cha kikokotoo kinajaa. Maana yake zinaendelea milele! Ijumaa Shangazi Piroska, mwalimu wetu wa hesabu, anachagua mmoja wa kwenda Budapest kusimama ubaoni mbele ya maprofesa. Mmoja tu. Ee Mungu, niwe mimi.

Jumanne, 4 Machi
Nimemshauri Vendel, mwenzangu darasani anayeitaka Budapest pia, kwa upole kabisa, asijisumbue na pembetatu zake. Akauliza, yenye tarakimu tisa je, umeijaribu? Nikamwambia saba za kwanza zimekubali, ya nane ikatae kwa kiburi gani? Akacheka. Ana meno mabaya. (Nimeifuta sentensi hiyo. Bado inasomeka.)

Jumatano, 5 Machi
Mpango! Watu wakila hawabishi. Nimemwomba Bibi aoke keki ya asali. Akauliza aandike nini juu, ni sikukuu ya mtakatifu wa jina la nani? Nikamwambia 333333331. Akasema, haya mjukuu wangu, lakini usimpe kila mtu namba yako ya simu.

Ijumaa, 7 Machi
Nilieleza vizuri. Sauti haikutetemeka sana. Shangazi Piroska alishashika kalamu, alishaandika B ya Boróka, niliiona kwa macho yangu! Vendel akanyoosha mkono. Akaenda ubaoni, akaigawa namba ya kwenye keki kwa kumi na saba, taratibu, kama mtu anayemenya kiazi. 19607843. Baki, sifuri.

Halafu Emőke, mshenzi yule, akahesabu vichwa: jamani, si tuko kumi na saba! Keki ikakatwa papo hapo. Baki, sifuri. Shangazi Piroska akaniambia, Boróka mwanangu, kukubali mara saba si uthibitisho, nataka sababu. Anakwenda Vendel. Nilikula kipande changu huku nalia. Kilikuwa kitamu mno.

Jumapili, 9 Machi
Shangazi Piroska ana huruma: nikimletea kesho kitu cha uhakika, tutakwenda wawili. Na NIMEKIPATA! Chukua namba, izidishe kwa yenyewe, ongeza namba ileile, ongeza 41. Tasa! Nimejaribu kuanzia sifuri hadi thelathini na tisa. Zote tasa, hakuna hata moja iliyokataa. Safari hii si mara saba, ni mara arobaini! Nani atabisha? Nimempigia Vendel simu kumpa pole. Akasema, Boróka, nakusihi, kabla hujaenda popote jaribu na arobaini.

Maskini. Wivu unamtafuna. Kesho navaa gauni la bluu.